Toka Nje Tu, Karani

Mueni mwanangu,

Ninatangaza rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi, wewe na paka, kwamba leo alasiri mshipi wa begi lako, uliokuwa ukining'inia kwa uzi mmoja tangu Pasaka, umeshonwa. Umeshonwa kwa uzi wa mkonge, na mimi mwenyewe, bila fundi na bila kamati. Mwenye pingamizi ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Paka ameshaondoka kwa hasira, lakini nadhani ni kwa sababu nilikalia mahali pake.

Wewe uko kwa Mama Syombua, wanakuombea safari. Nawajua wale akina mama. Wakianza na Nuhu, hawakuachilii mpaka wafike kwa Paulo. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala usikae karibu na mlango wa basi, wala uweke pesa ya nauli mahali pawili. Mambo hayo ni wewe uliyenifundisha tangu mama yako atuache, na mimi ndiye niliyekuwa nasahau. Kuna jambo lingine. Tangu barua yako ya kazi ifike nimetaka kukuambia kwa mdomo, na kila nikifungua mdomo natoa habari ya mvua. Jana ulinitazama, ukaniuliza, "Baba, mvua imekufanya nini?" Nikasema haijafanya kitu, ndiyo shida yake.

Umenieleza kwamba utagawa pesa kwa watu wenye njaa kule kusini mwa Kitui, na kwamba kazi hasa ni kuwaunganisha washirika: shirika lenu, kanisa la kule, na vikundi vya akina mama. Ulieleza vizuri sana. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mwezini. Lakini unakumbuka nilikuwa karani. Baiskeli ya ukarani unaikumbuka, maana ulikuwa unaipanda ukidhani nimelala. Mengine huyakumbuki kwa sababu nilihakikisha huyajui.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Sisi Wakamba njaa tunaipa jina kama mtoto, na ile ya themanini na nne tuliiita Nikw'a Ngwete: nakufa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Watu huko nje wakilisikia jina hilo wanadhani ni methali. Si methali. Ni maelezo tu ya mtu aliyesimama Matiliku siku ya soko.

Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wametuma pesa kwa shirika la Nairobi. Shirika la Nairobi likatafuta mshirika huku kwetu, likapata kanisa letu. Kanisa likaunda kamati. Kamati ikatafuta mtu wa kuandika, ikanipata mimi, niliyeacha shule darasa la nne na kusomea Kiswahili kwenye magazeti ya kufungia sukari. Ndiyo maana mpaka leo habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mtu mwenye mwandiko mzuri watu humdhania mengi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kila nyumba yenye shida ingetoa mtu mmoja wa kuchimba silanga ya kijiji, yaani bwawa, tuwe na maji mvua ikirudi, na kila baada ya wiki mbili angepewa bahasha. Washirika watatu, pesa moja. Ninyi mnaita kuratibu. Sisi tuliona ni kama watu watatu wanaopitisha meza mlangoni: kila mmoja anasema "geuza", na hakuna anayesema upande gani.

Mratibu wa shirika alikuja kutufundisha. Kijana mpole, mwenye viatu ambavyo havikuwa vimewahi kuona vumbi letu, na alipoondoka vilikuwa vimeliona lote. Sina neno baya juu yake. Alitupa kanuni nyingi, na moja ilikuwa hii: jina la ndugu wa mwanakamati likisomwa, huyo mwanakamati atoke nje, wenzake waamue, kisha aitwe. Basi. Kanuni ya mistari miwili. Hata mtu wa magazeti ya sukari anaielewa.

Tulikaa ndani ya kanisa, mimi na kalamu, nasoma majina. Tukafika kwa shangazi yako Mbithe.

Unamkumbuka Mbithe kabla hajaenda Makindu? Alikuwa mjane wa miaka mitatu, na watoto watatu, na shamba pale ng'ambo ya kijito lisilotoa kitu hata mwaka wa neema. Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu. Hakuniita kwa jina. Aliniita mwanaa mwaitu, mtoto wa mama. Hata akinitukana. "Mwanaa mwaitu, kichwa chako ni kibuyu." Ukiitwa hivyo huwezi kukasirika, maana tusi limekuja na mama ndani yake.

Nilisoma: "Mbithe." Mama Syombua, aliyekuwa mwenyekiti, akasema bila hata kuinua macho kutoka kwenye ususi wake, "Toka nje tu, Karani. Sisi tuseme."

Sikutoka.

Nimefikiria sana kwa nini. Jua lilikuwa kali, lakini si jua. Nilikuwa nimekaa mezani. Mratibu alikuwa pale nyuma anatazama. Nikaona kwamba nikitoka nje nitakuwa mtu mwenye dada, na nikibaki nitakuwa karani. Nikachukua kalamu, nikakata jina lake kwa mstari mmoja, ulionyooka vizuri sana, nikasema, "Dada yangu asiwatoe jasho. Karani hana ndugu kwenye orodha."

Wakapiga makofi, Mueni. Mzee wa kanisa akasema, "Huyo ndiye mtu!" Mratibu akaandika kitu kwenye daftari lake. Mama Syombua peke yake aliacha kusuka. Akasema, "Mimi nilisema atoke, sikusema amtoe." Watu wakacheka wakidhani ni utani.

Yale makofi yalikuwa matamu. Nakuambia hivyo kwa sababu watakupigia na wewe. Mwizi wa chakula cha njaa hukamatwa, hata kama ni baadaye. Lakini mtu anayeiba sifa kwenye sahani ya ndugu yake hashikwi na mtu yeyote. Anapewa baiskeli.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, nikingoja na yeye apige makofi. Alikuwa anachambua kunde chache zilizobaki. Akauliza, "Umekata jina ama umekata mtu?" Nikamwambia hajui mambo ya kamati. Akasema hajui kweli, na akaendelea kuchambua. Kunde zilikuwa kidogo sana lakini alizichambua muda mrefu.

Siku ya kusoma majina hadharani, watu walijaa uwanja wa kanisa. Nilisimama juu ya kiti. Nilimwona Mbithe kwa nyuma, na kiondo chake, na yule mdogo mgongoni. Nilisoma majina yote. Nilipofunga karatasi, akasogea mpaka karibu na kiti, akasema kwa sauti ya chini ili asiniaibishe:

"Karani, hujanisoma."

Sikushtukia hilo "Karani" siku ile. Nilidhani ananiheshimu mbele za watu. Nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisi, "Subiri awamu ya pili."

"Sawa, Karani."

Watu wa jamaa yetu hawaombi mara mbili. Mimi najua hivyo, maana nimezaliwa humo humo. Ningeweza kwenda kwake jioni. Kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo wa kuvuta sigara moja, na wakati huo nilikuwa bado navuta. Sikuenda. Nilikuwa nachora mistari ya daftari la malipo.

Bahasha zikagawiwa. Kila mtu alitia dole gumba kwenye wino, akachukua chake, akashukuru Mungu na wafadhili kwa mpangilio huo. Siku ya soko wote wakateremka Matiliku. Madukani kulikuwa na sabuni. Kulikuwa na chumvi, mafuta ya taa, viberiti, hata rangi ya viatu. Unga hakuna. Mahindi hakuna. Mahindi yalikuwako mahali fulani, lakini ili yahame kutoka wilaya moja mpaka nyingine yalihitaji kibali, na kibali kilihitaji sahihi, na mwenye sahihi alikuwa safarini. Watu wakazunguka soko wameshika noti mkononi, wengine mpaka jioni. Mzee mmoja wa kutoka juu, upande wa Kilungu, alikuja mezani kwangu akauliza kwa adabu kabisa, "Karani, hii noti inachemshwa kwa muda gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha nikajaza ripoti. Fomu iliuliza: Je, walengwa wote wamepokea? Nikaandika: Ndiyo, wote. Ilikuwa kweli. Nilitafuta mahali fomu inapouliza kama wamekula, nikageuza ukurasa, nikaona nyuma hakuna kitu. Ningeweza kuandika hapo nyuma. Nafasi ilikuwa kubwa, nyeupe. Lakini nilifikiri karatasi ikienda Nairobi imeandikwa pembeni itaonekana chafu. Kwa hivyo mshirika wa Nairobi akajua tunaendelea vizuri, akawaambia wafadhili, nao wakafurahi, na huku watu wakakaa wiki mbili zaidi wameshika.

Ni Mama Syombua aliyevunja hilo duara. Alikusanya wanawake, wakaunganisha bahasha zao, akaja kwangu akasema, "Andika barua. Tunataka lori liende Loitokitok lituletee maharagwe, na tunataka washirika wako watusaidie kupata kibali." Nikamwambia kanuni zinasema bahasha ni ya nyumba moja moja, haiunganishwi. Akaniambia, "Karani, sisi tunachimba silanga pamoja, tunazika watu pamoja, tukule peke yetu peke yetu kwa nini?" Nikaandika. Mratibu alipoisoma alikuja siku hiyo hiyo, akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba duka ni tupu. Hakupandisha sauti. Nikasema hakuna mahali palipouliza. Nikatazama viatu vyake.

Maharagwe yalifika. Siku lori lilipofika ndiyo siku nilipokwenda kwa Mbithe, nimebeba debe zima begani, fungu langu mimi, nimejipangia hotuba njiani. Langoni kulikuwa na tawi la mwiba limelazwa kukinga. Unajua maana yake. Mwenye nyumba hayupo, na hakutaka kumwachia mtu ufunguo. Jirani akaniambia wameondoka siku nane zilizopita, na kwamba wameonekana Makindu.

Nilikurudia nyumbani na debe. Ukaniuliza, "Shangazi ako wapi?" Nikakuambia amepata kazi Makindu. Ukafurahi. Ukasema, "Atatuletea mkate." Huo ndio uongo ambao umekula nao meza moja miaka yote hii, na naomba radhi kwamba ulikuwa unaukaribisha.

Alichofanya Mbithe ni hiki. Alitembea na watoto watatu mpaka barabara ya Mombasa, wakalala kando ya duka lililofungwa, kesho yake dereva wa lori akawachukua akawashusha Makindu, kwa sababu Makindu ndipo madereva wenyewe hupumzika. Pale, kama utakavyoona, pana hekalu la Masingasinga, na desturi yao ni kwamba msafiri yeyote anaingia anakula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye mstari na wengine, awe tajiri, awe turnboi wa lori. Mbithe alisimama mlangoni ameshika watoto, amejitayarisha kutaja jina lake, na jina la marehemu mumewe, na idadi ya watoto, na kwamba hana ng'ombe, yote aliyoambiwa huku kwamba huulizwa. Mzee mwenye kilemba akamuuliza neno moja tu, kwa Kiswahili kibovu kuliko changu:

"Umekula?"

Basi. Hiyo ndiyo fomu yote.

Habari ikatufikia huku kabla hata mvua haijanyesha. Kanisani watu wakaanza kunong'ona kwamba dada ya Karani anakula kwa Masingasinga, na kichwa chini ya kitambaa chao. Mama Syombua akasimama katikati ya matangazo akawauliza, "Na sisi tulimfunika nini?" Ibada ya siku hiyo ilikuwa fupi.

Sasa nikueleze ujanja wangu, kwa maana wewe ni mtoto wangu na huenda umeurithi. Kwa miaka mingi nilijiambia hivi: waliobaki kwenye orodha walikaa na noti, na aliyekatwa ndiye aliyekula. Kwa hivyo nilimsaidia. Hesabu hiyo ni safi kabisa, hata mkaguzi angeipitisha. Ina kasoro moja tu: hainipi usingizi.

Nilimwendea mara moja tu. Mvua mbili zilikuwa zimepita, kila kitu kilikuwa kijani, watu walikuwa wameanza kusahau. Nilimkuta nyuma ya hekalu anamenya viazi na wanawake wengine. Hakuajiriwa, ni kujitolea tu kwa mkono wa shukrani. Riziki yake ni vyondo anavyosuka na kuwauzia abiria wa mabasi. Watoto walikuwa wamenona. Aliniona, akafuta mikono.

"Karani. Umekula?"

Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala tangu jana yake.

"Wacha uongo. Vua viatu."

Nilikula sahani mbili, dengu na chapati, nimefunikwa kichwa kwa leso yake. Tulizungumza habari za mbuzi, za mama yako, za wewe. Aliuliza kama bado unapenda mkate. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikatoa habari ya mvua. Aliponisindikiza barabarani nilingoja. Nilingoja neno moja tu, hata likija na tusi, hata kama kichwa changu kitakuwa kibuyu tena. Basi likaja. Akasema, "Safiri salama, Karani."

Tangu siku ile nimesikia watu wengi wakiitana ndugu. Kanisani wanaitana ndugu kutwa nzima. Natafuta lile neno lingine, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kulitamka, maana mama yetu alizaa wawili.

Shamba lake nalilima. Hukujua? Ulidhani huwa naenda kuangalia kijito. Kila mvua nalilima langu, kisha lake, na mazao yake naweka peke yake kwenye kile kipipa ulichokuwa unauliza kwa nini hatukifungui. Usifikiri kuna utajiri humo. Miaka mingi lile shamba limenirudishia mbegu na matusi. Lakini safari hii, pamoja na ukame, mbaazi zimevumilia. Kopo moja la zile mbaazi nimelitia chini kabisa ya begi lako, limefungwa ndani ya ile sweta ya kijani. Basi lako la kwenda Kibwezi, kabla hujaingia Kitui, litasimama Makindu abiria wanywe chai. Huhitaji kulala. Uliza mwanamke wa vyondo. Mpe kopo, mwambie ni za shamba lake, na kwamba mwiba wa langoni nimeutunza pale pale, lakini nimeusogeza kando. Akikuuliza mengine, mwambie unavyoona. Usinitetee. Nimejitetea vya kutosha kwa watu wawili.

Na huko kazini, sina la kukufundisha kuhusu fomu, zenu zina kurasa nyingi kuliko zetu. Nina maombi. Kabla hujauliza mtu ana shida kiasi gani, nenda kwanza dukani utazame kuna nini kwenye rafu. Ukikuta fomu haiulizi jambo unaloliona kwa macho, ichafue. Na siku jina la mtu wako litakaposomwa, au la mtu ambaye ungependa waone humpendelei, toka nje. Simama juani, hesabu mbuzi. Watasema bila wewe. Kutoka nje si kuondolewa. Mimi nilidhani nikitoka kile kiti kitachukuliwa, na sasa ninacho hapa nyumbani, walinipa mradi ulipokwisha. Mguu mmoja ni mfupi.

Tulikuita Mueni kwa sababu siku uliyozaliwa nyumba ilikuwa na wageni. Mbithe ndiye aliyekupokea, akatoka akawaambia, "Ongezeni mgeni mmoja, lakini huyu haendi." Kesho unakwenda. Wiki hii nzima nimekuwa nikikutazama ukikunja nguo, na mara tatu nimeondoka kwenda kuangalia kijito. Sasa unajua hakuna maji kwenye kijito. Mimi pia najifunza kutoka nje, Mueni, ila nimeanza nikiwa nimechelewa, na ni baridi huku.

Nilipanga usome barua hii ndani ya basi, mbali na mimi. Ningeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ule wenye zipu, halafu asubuhi tungeagana tukizungumzia mvua kama watu wazima.

Naona tochi yenu inapanda mlima. Mama Syombua anakusindikiza, namsikia akicheka. Nimejaribu kuitia barua hivi sasa. Wakati wa kushona mshipi, nimeushona na mfuko. Haufunguki.

Baba yako